Mipira Niliyoiacha Garsen

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka damu hunichemka. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa kituo kimoja cha redio huko Mombasa, kazi yangu kuzunguka na kinasa sauti nikirekodi nyimbo za watu wa pwani. Nilitumwa Ozi, kijiji cha kando ya mto, kwa Bibi Habona. Huyo alikuwa mwanamke mzee wa Kipokomo, na ndiye pekee aliyebaki akiujua mwanzo hadi mwisho wimbo mrefu wa kutwangia mpunga, wimbo unaotaja vijiji vya mto kimoja kimoja na watu walioviasisi. Hauimbwi bila vinu. Wanawake hutwanga, yeye huimba.

Fundi aliyenifunza kazi, Mzee Shee wa Lamu, alinipangia sanduku kwa mikono yake. Ndani aliweka pete ya chuma iliyofungwa mipira pande zote, ili maikrofoni ining'inie katikati bila kugusa chuma. Aliweka na kifuniko cha sponji cha kuzuia upepo, na visikizio vya masikioni.

"Chini kukitikisika, mguu wa maikrofoni nao hutikisika," aliniambia. "Bila mipira hii utaniletea vishindo vitupu. Usiiache."

Niliiacha. Nilipofika Garsen ilibidi nishuke mto kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi, Jilo, akasema maji ni mengi, hivyo mbali na mashine yenyewe, maikrofoni na mguu wake, nichague sanduku moja tu. Nilikuwa nayo mawili, lile la Mzee Shee na la nguo zangu. Suti, kofia, viatu vya kung'aa. Nilitaka watu wa Ozi waone kwamba mtu wa redio amefika. Sanduku la fundi nikaliweka katika duka la Msomali mmoja pale Garsen, nikamwambia nitalipitia nikirudi. Naona haya kulisema hili, lakini nalisema kwa sababu yako.

Bibi Habona alituimbia uani kwake, wanawake sita wakitwanga. Maikrofoni niliikaza moja kwa moja kwenye mguu wa chuma, na mguu nikausimamisha pale pale kwenye udongo uliokuwa ukitikiswa na vinu. Visikizio sikuwa navyo, basi sikujua ninachokipata. Nilisimama tu na suti yangu, jasho likinitoka, nikitazamwa.

Alipomaliza niliurudisha utepe wote wasikie. Ikatoka ndu, ndu, ndu. Sauti yake ilikuwa mbali chini, kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Wanawake wakatazamana. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikasema, "Hawa wametwanga kwa nguvu mno."

"Mpunga hutwangwa hivyo tangu nizaliwe," alisema Bibi Habona. "Wewe hukujua kwamba unakuja kwenye vinu?"

"Nilijua, Bibi."

"Na waliokutuma hawakukupa kitu cha kuzuia kishindo?"

Jilo ndiye aliyejibu. "Alipewa. Kakiacha Garsen, akabeba nguo."

Bibi Habona akanitazama viatu. "Kifua changu ni kibovu, kila mtu hapa anajua," alisema polepole. "Wiki nzima sikuzungumza na mtu, naiwekea pumzi siku hii. Wewe umekuja kuitupa kwa ajili ya viatu. Ondoka mbele yangu, urudi kesho ukiwa na akili."

Asubuhi yake nilimwomba mwalimu wa shule mpira wa ndani wa baiskeli yake, uliotoboka. Nikaukata vipande vyembamba, nikapinda ufito kuwa pete, nikaining'iniza maikrofoni katikati. Chini ya mguu nikakunja mkeka mara nne, na juu nikafunika kitambaa laini kwa ajili ya upepo. Safari hii sauti ilitoka safi, vinu vikisikika nyuma yake kwa adabu. Lakini alipofika kwenye vijiji vya Ngao kikohozi kikambana. Akajaribu tena, akashindwa. Akainua mkono.

"Basi," alisema. "Ulichokitaka jana, leo sinacho."

Niliahidi kurudi. Kabla mvua hazijaisha nikaletewa habari kwamba amefariki. Tulibaki na nusu ya wimbo. Watu wa vijiji vya juu ya mto kupita Ngao, wajukuu zao hawatausikia kamwe ukiwataja, na aliyewanyima ni mimi.

Sasa wewe. Umenunua maikrofoni ya kuwaka taa, na muuza duka alipokuonyesha kishikio chenye mipira ukasema hilo ni pambo. Nimekuona ukiiweka juu ya meza mbele ya nyanya yako, ukigongagonga meza kwa vidole huku mama wa watu anasimulia. Nilikufokea mbele ya wageni, na sikuombi radhi.

Nisikilize. Tafuta kishikio kinacholingana na uzito wa maikrofoni yako. Mipira ikiwa migumu, kishindo hupita. Ikilegea mno, maikrofoni huinama ikagusa chuma, na umefanya kazi bure. Waya uache ulegee kidogo usivute. Funika kwa ajili ya upepo, vaa visikizio, ujisikilizie mwenyewe kabla mzee hajaanza kusema. Na ukiharibu, usimlaumu aliyetwanga. Unapofungasha, mfikirie atakayesema, si watakaokutazama.

Hasira bado ninayo, mwanangu, lakini hainizuii kukuombea dua. Mungu akupe umri na mikono mitulivu, akujaalie kuaminiwa na wazee, na kila atakayekufungulia kinywa chake umfikishe mpaka mwisho wa maneno yake. Amina.