Ammita ya Meza ya Tatu

Letisia Mkude, mzaliwa wa Masanze, aliishia darasa la saba. Aliajiriwa kufagia maabara ya fizikia ya sekondari moja ya Kilosa, na miaka mitatu hakushika kitu zaidi ya ufagio na dekio. Siku moja mwalimu Kornelio alimkuta akichungulia voltmita iliyofunguliwa. "Unataka kujua?" alimuuliza. Akamfundisha mpaka alipostaafu, na vifaa vyote vya kupimia umeme na sumaku vikabaki mikononi mwa Letisia.

Mwaka jana Kidato cha Nne walifanya jaribio la kupima umeme unaopita kwenye waya kila wanapoongeza betri. Wasichana wa meza ya tatu, wakiongozwa na Mwanvua, walileta grafu iliyopanda vizuri, kisha ikalala ghafla. Mwalimu Vitalis, kijana mgeni shuleni, aliwapa sifuri.

"Mmebuni namba," aliwaambia.

Mwanvua alitoka analia. Letisia, aliyekuwa akikusanya vifaa, aliitazama ile grafu, ikamkaa moyoni. Anayebuni hubuni kinachopendeza. Angechora mstari ulionyooka kama wa kitabuni.

Wanafunzi walipoondoka, aliiunganisha ammita ya meza ya tatu, yaani kipimo chao cha mkondo wa umeme, na nyingine, moja nyuma ya nyingine, ili umeme uleule upite kote. Akaongeza betri. Mishale ilipanda pamoja hadi sifuri nukta tatu. Hapo ule wa meza ya tatu ukagoma, palepale grafu ilipolala. Mwenzake ukaendelea hadi sifuri nukta tano. Akafungua kifuniko, akashika lenzi. Chembe ya chuma, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, ilikuwa imenata kwenye sumaku na kuukwamisha mshale.

Akamfuata Vitalis ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, naomba uje maabara."

"Nasahihisha, mama. Kesho haifai?"

"Kesho utakuwa umeshapeleka alama."

Vitalis alikuja, akaongeza betri kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili. Mara zote mbili mshale uligoma palepale.

"Kumbe waliandika walichokiona," alisema.

"Ndiyo. Kosa ni langu, sikuikagua mapema."

Haikuwa rahisi kulitamka hilo. Letisia alijua kuwa akikosea mara moja tu, watu hukumbuka alianza na ufagio.

"Na langu pia," Vitalis akajibu. "Sikuwauliza."

Asubuhi aliyarudia maneno hayo mbele ya darasa zima, akafuta ile sifuri. Wasichana walirudia jaribio kwa ammita nyingine, na grafu ikanyooka.

Kuitoa ile chembe kulimchukua Letisia saa nzima. Kibanio cha chuma kingenaswa na sumaku, kwa hiyo alipaka nta kwenye ncha ya kijiti cha mwanzi, akaigusa taratibu huku Mwanvua akimshikia lenzi. Ilipotoka waliiweka juu ya karatasi nyeupe. Mwanvua aliikodolea macho.

"Hii tu, mama?"

"Hii tu."