Mkuu wa Shule wa Mlango wa Nyuma

Kila asubuhi mkuu wetu wa shule hupita madarasani akiwa na soksi tu, sapatu kaziacha ngazini, asisikike. Mimi napiga deki ukumbini, namwona. Huingia kwa mlango wa nyuma, na hamtazami mwalimu, anachungulia madaftari. Watoto wa hapa mjini Noshiro wasipoelewa huitikia “ndiyo” tu. Jumanne aliingia kwa Mwalimu Kuwabara, mgeni shuleni, anayeogopa kunyang’anywa darasa kwa sababu wanafunzi wake wanafeli hesabu. Alikuwa akiandika ubaoni hesabu za kugawanya. Mkuu akachungulia madaftari matatu, yote yana makosa, akajikunja kwenye kiti kidogo, akanyoosha mkono.

“Samahani, Mwalimu, hapo kwenye kugawanya sijaelewa.”

“Eti mkuu mzima hajui!” watoto wakacheka.

“Sijui,” alisema, mkono bado juu.

Polepole, mikono mingine sita ikanyooka.