Mshono wa Mama Shoka

Mama Shoka alikuwa muuza nyama mwenye mkono mzito. Siku moja alimpiga mwizi kwa mguu wa ng'ombe. Mwizi akazinduka baada ya siku mbili, akaomba nyasi. Watu mtaani walimpisha njia kama wanavyopisha waya wa umeme ulioanguka.

Baada ya uzazi wa tano tumbo lilining'inia, likawa linafika kwenye gogo la kukatia nyama kabla ya mwenyewe. Akaenda kulikata. Daktari akaondoa ngozi iliyozidi, akaivuta iliyobaki, akashona kutoka nyonga hadi nyonga. Kisha akamwonya kwamba ngozi iliyovutwa hivyo huishi kwa damu kidogo: wiki sita asinyanyue kitu kizito, mkanda usitoke tumboni, mwanzoni atembee ameinama ili mshono usivutike, na sigara asiiguse kabisa.

Sigara ndiyo iliyokuwa kesi. Siku ya nne alificha moja chini ya mizani, wifi yake akainusa. Huyu wifi, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amehamia kumwuguza, ingawa siku ya arusi yenyewe walipigana hadi pazia likachanika. Akaisaga sigara kwa kisigino.

"Nyama ya jana ikiwa nyeusi ukingoni unaifanyaje?" akauliza.

"Naipunguza kwa kisu, mteja asione."

"Basi moshi unabana damu, ukingo unakufa. Vuta, wifi yangu. Kesho nakupunguza mimi."

Mama Shoka akamkabidhi kiberiti. Daktari alieleza nusu saa, hakueleweka hivyo.

Siku ya tisa akaja shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye miaka yote alimwogopa kuliko ukoma. Alikuwa amesikia shemeji yake anatembea kama anayetafuta sindano chini, akaona leo ndiyo leo. Mama Shoka alikuwa kitini buchani, anatoa amri tu, wifi anakata. Shemeji akatangaza kwamba bucha ni la kaka yake na amekuja kuchukua ndoano, mizani na gogo.

"Leo utanipiga na nini, bibi kibiongo?" akacheka.

Wifi akaacha kukata. Alimtandika kaka yake kwa mguu wa ng'ombe shavuni, mlio ukasikika mpaka kwa kinyozi. Shemeji akaamka na ndoano, akampasua wifi mkono, damu ikarukia ukutani. Wakaviringishana juu ya maini, meza ikavunjika, mbwa wa mtaa mzima wakasimama mlangoni kama wameletewa kadi za mwaliko.

Mama Shoka akashindwa kuvumilia. Akashika shoka, akalinyanyua hadi begani, na hapo akausikia mshono ukivutika kama gunia lililojaa kupita kiasi. Wifi akamwacha kaka yake, akageuka, akamzaba Mama Shoka kofi la kumfanya aone nyota mchana.

"Weka chini! Siku tisa nakulisha mayai na samaki. Sirudii kazi."

Hakuna aliyewahi kumpiga Mama Shoka, naye Mama Shoka akakaa tu. Siku hiyo alikaa. Alikunja magoti, akashika mkanda wake kwa mikono miwili, akafanya kazi aliyoijua: kuonyesha viungo.

"Goti, wifi. Si hapo, huo mfupa. Shuka vidole viwili, kwenye kiungo. Hapo hapo."

Goti likalia. Shemeji akatoka akitambaa, meno mawili yamebaki kwenye gogo. Paka akayanusa akayakataa. Mizani haikusogea.

Wakafunga bucha, wakaenda kwa daktari wote wawili, mmoja kushonwa mkono, mwingine kukaguliwa. Daktari akafungua mkanda kwa wasiwasi. Mshono ulikuwa umefunga kutoka nyonga hadi nyonga, hakuna usaha, hakuna ukingo mweusi. Akausifu. Kisha akainua macho, akaona shavu lenye alama za vidole vitano.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nesi wangu," akasema Mama Shoka. "Na usimguse, nimebakiza naye wiki tano."