Mstari wa Mwisho Ubaoni

Mzee wa kuandika mabango alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini pale kwenye kibanda cha chai karibu na daraja hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Nusura. Kisa ni mdomo wake mwenyewe. Kila kiangazi, maji ya mto yakipungua na kupata joto, alirudi kutoka mtoni mikono mitupu na hadithi tele: nusura nimpate, nusura aingie wavuni, basi tu mshipi ukakatika. Watu wakachoka. Akiingia kibandani, kinyozi anauliza bila hata kuinua macho kwenye kikombe, "Haya mzee, leo nusura wangapi?" na kibanda kizima hoi kwa kicheko.

Naye alicheka pamoja nao. Angefanyaje? Ukishabandikwa jina hata ukinuna utazidi kuitwa. Lakini akifika nyumbani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua viatu polepole, na mkewe akajua kwamba leo tena wamemla nyama.

Samaki wenyewe ni karpi. Kwa asiyemjua, karpi ni samaki mnene wa maji matulivu, ana magamba mapana na vindevu pembeni mwa mdomo, na akili nyingi kuliko baadhi ya wanaomvua. Humkamati kwa pupa. Unachagua pahali pako mtoni, unapalisha mahindi ya kuchemsha siku baada ya siku bila ndoana, mpaka samaki wapazoee na kupaona kwao. Ndipo siku moja unatia ndoana katikati ya hisani yako. Ndivyo uvuvi huo ulivyo, hauna aibu.

Kibandani palikuwa na ubao wa wale waliowahi kukamata karpi wa kupita kilo kumi. Masharti yake hayakuwa na mjadala. Samaki apimwe, awepo wa kushuhudia au picha ya kuonyesha, kisha arudishwe majini mzima, maana wale wakubwa ndio wazazi wa mto. Na ubao huo nani aliuandika? Nusura. Aliupaka rangi ya kijani, akaupigia mistari, na kila mwenzake alipobahatika, yeye ndiye aliyebeba kopo na brashi akaenda kumwandika. Chini kabisa, pembeni kulia, aliweka sahihi yake ndogo kama anavyofanya kwenye kila bango: Kazi ya Nusura. Mwaka baada ya mwaka ubao ulijaa, ukabaki mstari mmoja.

"Hapo ni pangu," alikuwa akiwaambia. "Mtu asipaguse."

"Hatupagusi, mzee," kinyozi alikuwa akimjibu. Yeye kinyozi ndiye aliyekuwa juu, kilo kumi na moja. "Labda utaandikiwa na wajukuu."

Kiangazi kile binti yake alikuja nyumbani macho yamemvimba. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi ofisini, na tangu hapo alikaa sebuleni kutwa, amenuna, hasemi, akisema ni maneno ya kumkata mtu maini. Mara moja binti alishafungasha nguo akarudi kwa wazazi, kisha akarudiana naye. Sasa alikuwa hajui ashike lipi.

"Baba, mchukue mtoni. Atoke nje kidogo. Ananiua kwa kununa."

"Mtu mwenyewe hata mnyoo hajui kushika," akasema Nusura.

"Baba!"

"Nitamchukua. Nimesema sitamchukua?"

Basi akamchukua. Mkwe huyo hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa shati la mikono mirefu, aliyezoea watu kusimama anapoingia, na sasa hakuna anayesimama. Siku za kwanza alikaa kwenye kigoda akitazama simu. Nusura akamfundisha kufunga ndoana, kukanda donge la unga, kutupa mshipi bila kuyapiga maji kibao. Wakalisha mahali pao wiki nzima, kwenye kona ya mto chini ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, mahali ambapo maji husimama na mapovu madogo hupanda. Mkwe alianza kuuliza maswali. Siku moja alicheka, na Nusura akaenda kumsimulia mkewe habari ya kicheko hicho kana kwamba ni samaki.

Siku ya ndoana jua lilikuwa kali hata mawe hayakaliki. Mkwe alikuwa amelala chali, kofia usoni. Mshipi wa Nusura ukasogea kidogo, ukatulia, kisha fimbo ikapinda kwa nguvu hivi kwamba kigoda kilipinduka.

"Amka! Amka wewe, lete wavu!"

Mapambano yale yalikuwa ya watu wazima. Samaki alikwenda chini akajikita, mzee akavuta. Alikimbilia mizizi, mzee akamgeuza. Jasho lilimwingia machoni na bega lake la kulia likawaka moto, bega lililokwisha kuharibika kwa miaka ya kupanda ngazi na kuandika juu ya milango ya watu. Hakusema nusura. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa. Na mkwe, apewe haki yake, aliingia majini na shati lake lile lile, akapitisha wavu chini ya samaki kwa utulivu, akamleta.

Loo! Samaki gani yule! Wakamning'iniza kwenye mizani. Kilo kumi na nne. Mzee akapiga magoti akacheka, akalia, akacheka tena, huku akimmwagia samaki maji.

"Picha! Toa simu yako, upesi!" Akajaribu kumnyanyua samaki. Bega likakataa. Akajaribu tena, samaki akateleza nusura aanguke maweni. "Siwezi. Mnyanyue wewe, mimi nipige. Kisha nitakaa hapo ubavuni mwako, tutegemeze simu kwenye jiwe, tupige ya pili."

Mkwe akamkumbatia samaki kifuani, akamwonyesha mzee pa kubonyeza. Mzee akabonyeza. Ilikuwa picha nzuri: shati limelowa, meno yote nje, samaki kama mto wa kulalia. Halafu akaona mashavu ya samaki yanavyohangaika. Kwenye joto lile maji yenyewe hayana pumzi, seuze nje ya maji. Samaki alikuwa ameanza kulegea.

"Mrudishe!"

"Baba, na ile ya pili?"

"Mrudishe nimesema, anakufa!"

Wakamshika majini wote wawili, kichwa kikielekea mkondo, mpaka akapiga mkia akaondoka zake. Picha ya pili haikupigwa. Mzee hakujali. Shahidi si yupo? Tena shahidi wa nyumbani.

Jioni ile alimsimulia mkewe mara tatu, na mkewe akasikiliza mara zote tatu. Alichagua hata rangi atakayotumia ubaoni: nyeupe, yenye kivuli chekundu. Asubuhi akavaa shati la kupigwa pasi, akaenda kibandani.

Hajakaa vizuri, kinyozi akasimama akampa mkono. "Hongera mzee! Mkwe wako ametutoa tongotongo!"

"Mkwe wangu?"

Kumbe picha ilikwisha kupita simu zote za mtaani tangu jana, na chini yake mkwe alikuwa ameandika: Leo mto umenikumbuka. Kinyozi akamsogezea simu aone.

"Huyo samaki ni wangu," akasema Nusura.

Kibanda kikamtazama kidogo, kama watu wanaongojea chafya. Kisha kikalipuka. Dereva mmoja alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni.

"Wewe uko wapi hapa, mzee?" kinyozi akauliza, akiikuza picha kwa vidole. "Hebu nionyeshe."

"Mimi ndiye niliyepiga."

"Jamani! Hata kwenye picha, nusura awemo!"

Mzee alihisi masikio yanawaka. "Chekeni. Mwenyewe akija atasema. Mngojeeni."

Mwenyewe akaja, kabla hata chai haijapoa. Alikuwa amenyoa ndevu. Wote wakasimama. Ndiyo, wakasimama, na uso wake ukafunguka, na Nusura akauona ukifunguka. Kinyozi akamwuliza waziwazi, "Mzee anasema samaki ni wake. Wewe unasemaje?"

Mkwe alimtazama mzee, akatazama ubao, akatazama chai waliyomsogezea.

"Baba alinisaidia sana," akasema.

Basi. Neno hilo hilo. Lingekuwa tusi, mzee angepata la kujibu. Wenzake wakamtazama kwa huruma sasa, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Akaacha kikombe chake hapo hapo, akatoka.

Mkewe aliposikia alifunga kanga kiunoni. "Naenda kwake sasa hivi. Ataniambia macho kwa macho. Mwizi mkubwa, tena mwizi wa mkwewe!"

"Kaa, mama."

"Nikae? Miaka yote wanakufanya kichekesho, leo umepata cha kuwafunga midomo, unaniambia nikae?"

Angekwenda kweli, lakini mlangoni alikutana na binti yao. Binti akampita mama yake, akaingia hadi chumba cha nyuma ambamo baba yake alifanyia kazi, chumba chenye harufu ya tapentaini, makopo yenye rangi iliyoganda mdomoni na brashi zinazoning'inia misumarini. Nusura alikuwa anasafisha brashi iliyokuwa safi.

"Jana amekula na sisi mezani," binti akasema. "Ameongea mpaka chakula kikapoa. Leo ameamka kabla yangu, Baba. Anasema atakwenda kutafuta kazi."

"Alikwambia samaki ni wake?"

Binti akachezea kifuniko cha kopo. "Naijua mikono yake. Hawezi hata kufungua bomba lililokaza. Najua ni wako."

"Basi mwambie aseme."

"Nikimwambia atajua kwamba najua. Atarudi kwenye kile kiti cha sebuleni." Akarudisha kifuniko mahali pake. "Nakuomba, Baba. Kwako ni samaki tu."

Samaki tu! Mzee alitaka kumwambia ni nini. Alitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kuishi maisha mazima akiandika majina ya watu, maduka yao, magari yao, makaburi yao, na kwamba alitaka moja tu liwe lake, basi, moja, pale wanapokunywa chai. Alimtazama mtoto wake, macho hayakuwa yamevimba.

"Haya," akasema. "Nenda nyumbani."

Usiku ule mkewe alimwekea chakula, akageukia ukutani.

Kesho yake akabeba kopo na brashi akaenda kibandani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Wakamsogezea meza apande, wakashusha sauti kama mbele ya mgonjwa.

"Tumwandikeje?" akauliza, amewapa mgongo.

Kinyozi alikuna kidevu. Labda alikuwa anajuta, labda la. "Jina lake sisi hatulijui. Andika Mkwe wa Nusura. Ndivyo tunavyomjua."

Mzee akasita. Fundi wa mabango haanzi na rangi, huanza na chaki, apime nafasi. Akaandika kwa chaki kwenye mstari wa mwisho, herufi kubwa: MKWE WA NUSURA, KILO KUMI NA NNE. Akarudi nyuma akatazama. Jina lake limo. Kwa mlango wa uani, lakini limo, tena kubwa, si kama ile sahihi ya pembeni ya kutafutwa kwa miwani. Aliona aibu kukiri, lakini roho ilimtulia kidogo. Akafungua kopo, akachovya brashi.

"Baba, subiri."

Mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, bahasha ya vyeti kwapani, viatu vinang'aa. Alisoma ubao mara mbili.

"Hilo si jina, Baba. Andika majina yangu kamili, matatu."

Kinyozi akakohoa. "Hayatoshi. Nafasi ni ndogo."

"Yatatosha," mkwe akasema kwa adabu, akinyoosha kidole pembeni kulia. "Ukiondoa na hayo maandishi madogo hapo, yatatosha."

Mzee alingoja mtu mmoja, yeyote, aseme neno. Dereva alikoroga chai yake. Kinyozi alitazama darajani kama anayengojea mgeni.

Nusura akachukua kitambaa cha maji akafuta chaki, jina lake likiwa la mwisho. Kisha akamwagia kitambaa tapentaini, akasugua pembeni mpaka Kazi ya Nusura ikatoka yote, pakabaki kijani kitupu. Akaandika majina matatu ya mkwewe. Alitaka yatoke mabaya, Mungu anajua alitaka, lakini mkono wake haukuwahi kujifunza kazi mbaya, na herufi zikatoka nyeupe, zimenyooka, zenye kivuli chekundu, nzuri kuliko zote zilizokuwa ubaoni.

"Ah, Baba," mkwe akasema, ameguswa kweli, machozi yanamlengalenga. "Asante. Asante sana."

Akampigapiga begani, lile lile bovu, na mzee akavumilia mpaka alipomaliza.