Amri Zinazomtii Mtu Mmoja

Mume wangu ana akili, nakubali. Ila akili nyingi huondoa maarifa, na hizo zake nusura zimnyime binti yetu baba wa kumlaza.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Tulimwona mwisho wa mwezi tu. Mtoto akaota meno baba hayupo, akatembea baba hayupo. Kwa hiyo tawi la kiwanda hicho la hapa kwetu lilipotangaza nafasi, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikieni alichokuwa amekifanya. Kule kazini wote hutumia kompyuta moja kubwa, kila mtu na akaunti yake. Yeye akatunga amri zake mwenyewe: ukiandika "panga" kwenye ile skrini nyeusi, kurasa za kitabu zinajipanga, ukiandika "kata," picha zinakatwa kingo. Mwanzoni zilifanya kazi ukiwa ndani ya folda moja tu, akachoka kuingia na kutoka. Akazihamishia kwenye folda iliyo ndani ya akaunti yake, akaiagiza akaunti iwe inazitafuta humo siku zote. Tangu hapo, popote alipo kwenye kompyuta ile, akiandika "panga" inaitika. Wenzake wakiandika, wanajibiwa: amri haijulikani.

"Kwa nini usiwape na wao?" nilimuuliza kwenye simu.

"Mama watoto, acha hizo. Wakiwa nazo wote, mimi watanitakia nini?"

Loo! Akajiona mfalme. Kila kitabu kikawa hakitoki bila yeye, meneja akawa anamwita Mtaalamu. Alipoomba uhamisho, meneja akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Uende wapi, Mtaalamu? Nani atatupangia kurasa? Nafasi ile nitampa mtu nisiyemhitaji."

Akanipigia kulalamika. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Umejifungia ndani ukameza ufunguo," nikamwambia. "Mtoto akikuona kwenye simu anadhani wewe ni tangazo. Hizo amri zako ziweke pale ambapo akaunti zote zinaziona. Leo hii!"

"Lakini..."

"Hiyo lakini yako mpelekee meneja. Mimi nataka mume."

Akaziweka. Ilimchoma, nilimsikia anavyohema. Kesho yake hata karani wa mapokezi aliandika "panga," kurasa zikajipanga, ofisi nzima ikapiga makofi. Meneja akasaini uhamisho bila hata kuketi.

Baba akarudi nyumbani, jamani! Nililia kwa furaha, sifichi. Jioni ya kwanza nikajitupa kitandani, nikamwachia kazi ya kumlaza binti yake.

"Mama watoto, nguo zake za kulalia ziko wapi?"

"Zipo."

"Na dawa ya kikohozi?"

"Ipo."

"Analia. Huwa unamwimbia wimbo gani?"

Mtoto alikuwa ananiita mimi, mimi peke yangu, na nyumba nzima hakuna mwingine aliyejua la kufanya. Utamu wa kuhitajika hivyo sikuutegemea. Nikavuta shuka mpaka kidevuni, nikaufaidi kidogo.

Kisha nikainuka, shingo upande, nikaenda kumfundisha ule wimbo.