Dawa ya Mkono wa Kushoto

Miaka ile ambayo Kasongo ilikuwa imejaa mpunga na watu, na hakuna aliyedhani kwamba mji mkubwa namna ile unaweza kwisha, fundi Zuberi wa kushona kanzu alisifika kwa uchamungu kuwapita hata walimu wa chuo cha Kurani. Sababu ilikuwa wazi. Hakuna aliyepata kumwona akikaa muda mrefu bila kuinuka kwenda kutia udhu. Akiwa katikati ya kupima bega la mteja, angeweka uzi chini, angeomba radhi na kuelekea nyuma ya nyumba na kibuyu chake cha maji. Mteja alibaki amesimama na mkono mmoja hewani, akijilaumu kwamba yeye udhu wake ni wa tangu asubuhi.

Safari moja alikwenda Kabambare na wafanyabiashara wa vitambaa. Njia nzima alikuwa akiingia porini na kile kibuyu, na msafara ukimsubiri. Waliporudi walisimulia kwamba wametembea na walii. Tangu hapo kina mama walimletea watoto wachanga awasomee, na mtu akitaka kuanza kulima shamba jipya upande wa Wamaza alipita kwanza barazani kwa Zuberi kuombewa.

Zuberi hakuwa walii. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kibofu kibovu. Haja ndogo ilimwita kwa haraka kama mwenye deni, na akifika chooni ilimpa matone machache na kumwambia arudi baadaye. Alirudi. Mkeka wake wa kazi aliutandika pale alipoutandika, kwenye upepo na vumbi, kwa sababu palikuwa karibu na choo. Msikitini alisali safu ya nyuma, jirani na mlango, na watu wakasema ni unyenyekevu. Mwanzoni alitaka kuwaambia ukweli. Lakini sifa ikishamkaa mtu ni kama kanzu aliyopewa mbele ya kadamnasi, haivuliki kwa urahisi.

Angeishi hivyo mpaka mwisho, kama asingempenda Waridi.

Waridi alikuwa mjane, mtengeneza dawa, na nyumba yake ilitazamana na njia ya sokoni. Hakuzaliwa Kasongo. Alizaliwa kwa Wabangubangu, ng'ambo ya Kabambare, akaletwa mjini nyuma ya msafara akiwa mtoto, kama watoto wengi walivyoletwa siku zile, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja. Jina la Waridi alipewa na nyumba iliyomlea. La kwanza alilisahau, na lugha ya mama yake ilibaki vipande vipande. Kitu kimoja tu alikishika kizima: namna bibi yake alivyobandua gome la mti fulani, akalitwanga, akalichanganya na mawese na kumpaka mtoto mwenye upele. Alipokuwa mtu mzima alitembea siku nyingi porini akinusanusa miti mpaka akaupata mti wenyewe.

Mumewe, marehemu Atumani, alikufa kwa kuziba kwa mkojo. Alikuwa amemficha mkewe ugonjwa wake. Kila alipoulizwa mbona anajikunja, alisema ni pilipili. Waridi alimpa dawa za tumbo, moja baada ya nyingine, na Atumani alizinywa zote kwa adabu mpaka tumbo likavimba kama ngoma na ikawa hakuna tena la kuficha wala la kufanya.

Baada ya msiba ule Waridi alipoteza imani na maneno ya wagonjwa. Watengeneza dawa wenzake walimuuliza mtu, "Umepona?" na mtu kwa heshima alijibu amepona, akashukuru, kisha akasimama kwenye nguzo ya mlango na kujikuna mgongo kama mbuzi. Waridi alisema mdomo una adabu mno, heri ngozi. Kwa hiyo alipotaka kujua kati ya gome la bibi yake na kibiriti upele, ule unga wa manjano uliotoka pwani kupitia Ujiji, ni kipi kinachotibu upele, hakumuuliza mtu. Aliwakusanya wenye upele wa vidole na viganja, akawapaka dawa moja mkono huu na nyingine mkono ule. Mikono miwili ya mtu mmoja, alisema, inalala mkeka mmoja na inalaaniwa na mke mmoja, basi ikitofautiana, iliyotofautiana ni dawa.

Mkono wa kulia aliupa kibiriti. Hilo hakulifikiria sana. Kitu cha pwani kilipewa mkono wa heshima kama mgeni anavyopewa kiti. Gome lilikwenda kushoto.

Alikuwa mwangalifu. Udhu aliuacha ulivyo, kwa kuwa unaosha mikono yote sawasawa. Tatizo lilikuwa chakula, maana mkono wa kulia ungeoshwa kabla ya kula na dawa ingeondoka. Akaamuru wagonjwa wake wale kwa upawa mdogo wa mti. Hapo pakawa na kelele. Wanaume wenye ndevu waliketi mbele ya wali na sombe ya majani ya muhogo wakichota na kumwaga kifuani, na watoto wao wakatoka nje wakacheka huko. Aziza, mke wa Faradji mwuza chumvi, aliamua kumlisha mumewe mwenyewe, na akatumia nafasi hiyo kumwambia mambo yote ambayo kwa kawaida mumewe huinuka na kuondoka kabla hayajaisha.

Zuberi aliona kwamba mlango wa kuingia barazani kwa Waridi ni upele, na upele hakuwa nao. Angeweza kwenda kumwambia juu ya kibofu, maana ilijulikana mjini kwamba Waridi anatafuta dawa ya ugonjwa huo tangu Atumani afe. Lakini mwanamume atamwambiaje hivyo mwanamke ambaye anataka kumposa? Akamwendea Faradji. Alimshika mkono kwa mapenzi yasiyo na sababu, akamsifu chumvi yake, akaomba kuazima shuka yake siku chache eti apime upana wa mshono. Alilala nayo. Ulipita karibu mwezi bila kitu, akaanza kukata tamaa, mpaka alfajiri moja akaamka akijikuna kati ya vidole. Alimshukuru Mungu.

Waridi alimtazama vidole, akamtazama usoni.

"Umepata wapi, fundi? Wewe si mutu wa kunawa siku nzima?"

Zuberi akasema hata yeye anashangaa.

Basi akawa mtu wa baraza ile. Kila asubuhi baada ya sala alinyoosha mikono yake, na Waridi akampaka taratibu, kulia kibiriti, kushoto gome. Kila asubuhi Zuberi alikuja na maneno yake yamepangwa, na kila asubuhi kibofu kilimwita kabla hajafika neno la pili. Waridi alimwona akiinuka na kibuyu, akampisha. Naye pia alikuwa ameambiwa kwamba huyu ni walii.

Siku ya kutazama matokeo ilifika. Wagonjwa waliketi kwenye mkeka, na Hemedi, mfanyabiashara aliyekuwa akileta kibiriti upele kutoka ng'ambo ya Tanganika, alikuja bila kualikwa akaketi mbele. Waridi akaomba waonyeshe mikono. Haikuhitaji jicho kali. Mikono ya kulia ilikuwa imekauka, ngozi mpya inaota. Ya kushoto ilikuwa bado imechachamaa, na wa Zuberi ulikuwa mbaya kuliko yote, mwekundu mpaka kwenye kifundo.

Hemedi alikuwa na furaha ya mtu ambaye mzigo wake utauzika. Alisema yeye alijua tangu mwanzo. Alisema dawa ya porini ni ya kina mama wa porini, isiyo na kitabu wala bandari. Alimwambia Waridi, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Usione haya, Mama. Kule ulikotoka hawakuwa na kitu kingine."

Waridi alikuwa ameahidi watu kwamba ataifuata ngozi itakavyosema, na ngozi ilikuwa imesema. Akaingia ndani, akatoka na chungu cha dawa ya gome. Alitangaza kwamba dawa hii haifai, kwamba aliyepewa arudishe, na kwamba hataitengeneza tena. Kisha akaelekea kwenye migomba ili aimwage. Alifika. Akainamisha chungu kidogo, akakinyanyua tena, akanusa.

Zuberi aliona hilo. Alitazama mikono yake miwili. Alikuwa amepakwa asubuhi ileile. Wa kulia ulikuwa bado wa manjano, unanuka kama yai bovu. Wa kushoto ulikuwa safi kama sahani ya mgeni, hauna hata harufu. Akaelewa, na alipoelewa akatamani asingeelewa. Mtu mmoja tu pale barazani ndiye aliyejua ni kwa nini dawa ya gome imeshindwa, naye ili aseme ilimbidi avue sifa yake yote mbele ya Hemedi.

"Mama Waridi," akasema, "usimwage."

Waridi akageuka.

"Mukono wa kushoto haukupata dawa."

"Nimekupaka mwenyewe, fundi."

"Ulinipaka. Nimeosha."

"Umeosha wapi?"

Zuberi akatazama mkeka. "Chooni."

Hemedi akasema kwamba kila mutu anakwenda chooni, iko habari gani hiyo ya kuwapotezea watu asubuhi?

"Mimi nakwenda sana," akasema Zuberi. "Tangu nipakwe leo nimekwenda mpaka kibuyu kimeisha. Na kule mutu anachamba kwa mukono gani, Hemedi? Kwa mguu?" Akavuta pumzi. "Huo udhu wangu mnaousifu ni mkojo. Miaka yote hiyo ni mkojo tu."

Mzee mmoja aliyesomewa na Zuberi mwezi uliopita alianza kufikiri kwa uso uliokunjamana. Kisha Faradji akakohoa, akasema kwamba hata yeye huosha wa kushoto, ingawa si kwa bidii kama ya fundi. Mwingine akasema vivyo hivyo. Wakatazamana mikono kama watu wanaoonyeshana wezi wao. Waridi, aliyekuwa amefikiria upawa, mkeka na mashuka, hakuwa amefikiria hilo hata siku moja, kwa sababu ni mkono wenye kazi ambayo hakuna anayeitaja.

Akarudisha chungu ndani.

Alianza upya, safari hii gome kulia na kibiriti kushoto, na sasa kibiriti ndicho kilichoshindwa. Hemedi alilalamika kwamba wagonjwa wanakwenda choo kwa makusudi ili wamharibie biashara, akataka wafungwe. Ikabidi ianze mara ya tatu, kwa sharti kwamba kila anayetoka chooni apite barazani apakwe tena. Watu wazima wakawa wanakuja mbele ya wenzao kutangaza walikotoka, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti, na mwishowe Faradji akawa anatangaza hata pasipo haja, kwa ajili ya kukimbia kulishwa. Mwisho wa yote dawa zote mbili zilitibu. Kibiriti kilikuwa na haraka kidogo. Gome halikuunguza.

Lakini Zuberi hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amejifungia ndani. Hakuna mtoto aliyeletwa tena asomewe. Vijana walipita nje wakiigiza mtu anayekimbia na kibuyu. Alishona kwa mwanga wa ufa wa dirisha na kujiambia kwamba amemaliza mambo yake na Waridi, maana mwanamke gani aolewe na mtu ambaye mji mzima unamhesabia haja zake?

Waridi alikuja mwenyewe mchana, akiwa na chungu kidogo cha ndevu za mahindi zilizochemshwa. Hakutaja habari ya shuka ya Faradji, ingawa Aziza alikuwa ameshamweleza. Aliketi, akauliza. Ulianza lini? Unauma? Kuna damu? Unakatika katikati au mwishoni? Zuberi alijibu akitazama sindano yake, na kila alipojibu alishangaa kwamba nyumba haijaanguka. Alipomaliza, Waridi alikuwa analia kidogo, si kwa ajili yake. Alisema Atumani alikuwa hivi hivi, tangu mwanzo, na kwamba alilala karibu naye miaka yote ile bila kuyajua maneno aliyoyasikia leo kwa fundi wa kanzu.

Zuberi akaona kwamba hapana wakati mbaya zaidi ya huu wa kumposa mtu, akamposa.

"Kunywa kwanza," akasema Waridi. "Wengine imewasaidia, wengine hapana, sijui bado. Nitakuja kesho nikuulize. Ukisema umepona ili unifurahishe, sitarudi tena."

Usiku ule Zuberi aliinuka kama kawaida yake, na alipolala kati ya safari na safari alitunga majibu. Alitunga jibu zuri sana, la shukrani, lenye jina la Mungu na la bibi yake Waridi.

Asubuhi Waridi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Je?"

"Haikufanya kitu," akasema Zuberi. "Hata kidogo. Na iko chungu."

Waridi akaegemea mwimo wa mlango, akacheka mpaka mtandio ukateleza begani. Kisha akamwambia atume wazee wake Ijumaa, na kwamba jioni atamletea dawa nyingine ajaribu.