Filamu ya Papa Ilivyovuka Ziwa Ndani ya Maji

Niliondoka Kalemie kwa sababu ya uso mumoja. Papa alikuwa mupiga picha: ndoa, komunyo, watoto wachanga. Nyumba nyingi za kwetu ziko na picha alizopiga, lakini ya kwake mwenyewe hatukuwa nayo hata moja, maana siku zote alisimama nyuma ya mashini ya picha. Noeli yake ya mwisho nilimunyang'anya ile mashini nikamupiga mimi, mara moja tu, ameketi mbele ya nyumba na koti lake jeusi. Ilikuwa picha ya mwisho ya filamu. Nikaikunja ndani ya kasha lake, nikaitoa. Papa akafariki filamu ikiwa bado kusafishwa.

Kazi yake nimeirithi, ila mimi natumia simu na mashini za sasa. Kupiga najua kidogo. Kusafisha filamu, ile kuitia dawa gizani mpaka picha zionekane, sijui.

Papa Kabwe, mwenye studio karibu na soko, alimusafishia Papa filamu miaka yote. Nilipomupelekea hii akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapa hatusafishe tena. Dawa zilikwisha, na watu wote wako na simu." Sitamulaumu. Mimi pia niko kati ya hao wenye simu.

Mama alisikia nikieleza nyumbani. Siku iliyofuata nikarudi kutoka kanisani, nikakuta filamu na kasha lake ndani ya beseni, povu juu.

"Mama, unafanya nini?"

"Si ulisema hawasafishe tena? Nimeisafisha mimi. Na kweli ilikuwa na vumbi."

Nilitaka kupiga kelele, sikupiga. Ni neno lenyewe, kusafisha, njo lilimudanganya, kosa si lake. Sasa niikaushe ama niiache? Sikujua. Nikaitia kwenye kopo tupu la siagi, nikamimina maji safi, nikafunga kifuniko. Musidhani ilikuwa akili. Nilishindwa tu kuamua.

Asubuhi, bandarini Kalemie. Papa Kabwe alikuwa amenitajia mama mumoja wa Kigoma, Bi Zuhura, aliyesafisha picha zamani pamoja na bwana yake. Kama bado muzima, hakuwa na hakika. Nilipanda bato la kuvuka ziwa pamoja na wachuuzi waliokwenda kununua bidhaa, kopo mapajani. Kila wimbi lilipotupiga, maji yalicheza ndani, na mimi nilihesabu ni uso wa Papa unaotoka.

Mama mumoja muchuuzi akaniuliza, "Unabeba nini hivyo, kama mayai?"

"Ni Papa yangu."

Akasogeza mizigo yake mbali kidogo. Nilipomueleza akacheka, lakini hakurudi karibu.

Kigoma. Nilidhani ng'ambo kila kitu kipo. Studio mbili nilizoingia zinatoa picha za pasipoti tu, palepale, kwenye printa. Walinipokea vizuri, hilo niseme. Katika ya pili ndipo niliambiwa, "Filamu? Panda Mwanga, muulize Bi Zuhura wa barafu."

Mwanga ni mutaa ulio juu ya bandari. Bi Zuhura nilimukuta mulangoni kwake, anauza barafu.

"Shikamoo, mama. Nimeleta filamu. Ilikuwa bado kusafishwa, njo maji ikaingia."

"Nije wapi?"

"Hapana, mama, si kuja. Kwetu, njo ni ndiyo, ni ndipo..."

Akacheka. "Najua, mwanangu. Nyie Wakongo mnaitana njoo njoo kutwa nzima, na hakuna anayekwenda." Akafungua kopo. "Nani kaitia maji?"

"Mama aliifua."

"Aliifua?"

"Na sabuni. Lakini hakujua. Kosa ni letu sisi tunaosema kusafisha."

Alikaa chini kwa kicheko, akafuta macho. "Na nani kaiacha majini?"

"Mimi. Sikujua la kufanya."

"Basi kutojua kwako kumekuokoa. Ingekauka, ingegandana, nisingeifungua tena. Filamu haiogopi maji, mwanangu. Inaogopa mwanga." Akaingia stoo, akachungulia. "Na Mwanga njo kwangu!" Akafunga mulango.

Dawa alikuwa nayo kidogo. Wageni wanaokuja kutazama sokwe, baadhi yao wamerudia filamu, basi humuletea awasafishie. Mimi nilibaki nje nikimuuzia barafu, na sala kila kipande.

Alitoka na utepe unaochuruzika. "Za nje sabuni imezila. Hizi za ndani kabisa zimebaki."

Ya ndani kabisa ni ile ya mwisho. Niliinua nikaona, kwa rangi za kinyume za filamu, muntu wa uso mweupe, koti jeupe, shati jeusi. Masikio yale, mabega yale.

"Huyu mzungu ndiye babako?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikalia, akanishikia kopo langu tupu.

Kurudi Kalemie nililala ndani ya bato kama mutoto, utepe umekauka kifuani. Papa Kabwe aliupiga picha kwa mashini yake, akageuza rangi, akatoa karatasi. Studio ileile iliyonirudisha njo ilimaliza kazi, ni haki niandike hivyo. Nilidhani kazi ya filamu imekufa, kumbe iliyokufa ni ile ya karibu, ya kwenda kwa miguu na kurudi kesho. Kama kuna la zaidi la kujifunza, sijaliona.

Mama alinawa mikono kwanza, akakausha vizuri, ndipo akapokea. Alitazama sana. Pembeni kulikuwa na doa jeupe la sabuni, limegusa bega la Papa.

"Mama, hilo doa naweza kulisafisha kwenye simu."

Akaivuta picha kifuani.

"Wacha. Imesafishwa ya kutosha."